Maji Baridi ya Ozi

Katika kijiji cha Ozi, kilomita chache kutoka Kipini ukipanda na mto, bahari ndiyo iliyokuwa ikinywesha mpunga, na mpunga ule haukuonja chumvi. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani ametegewa kitendawili. Jibu lake liko mtoni siku ya bamvua. Bahari inapojaa katika Ghuba ya Ungwana hukutana na mto Tana ukishuka, ikauzuia mlangoni. Mto, kwa kukosa pa kupita, huvimba na kurudi ulikotoka. Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo hupanda juu, na chumvi hubaki chini ikinyemelea kwenye sakafu ya mto. Yale ya juu huvuka kingo, huingia katika mifereji iliyochimbwa kwa jembe, na kutambaa hadi majarubani. Baada ya saa sita hivi bahari hupwa. Mto huendelea na safari yake, na shamba huwa limeshakunywa, tena limeachiwa tope jekundu lililotoka Nyandarua na Mlima Kenya. Hapakuwa na pampu wala mafuta ya kununua. Zamani sana kulikuwa na mtu aliyesimama pale, akautazama mto ukirudi nyuma, akaelewa kwamba jambo lile lina faida kwa mwenye shamba. Jina lake halikubaki, lakini elimu yake ililisha vizazi.

Mkulima wa Ozi alifuata saa mbili. Ya kwanza ni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kati yake huja maji mafu, ambayo hayana nguvu ya kuufikisha mto shambani. Saa ya pili iko mbali, kwenye nyanda za juu za kati ya Kenya. Mvua za masika zikikolea huko, maji huanza safari katika mto wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, yakapita Garissa, Hola na Garsen, katika nchi kavu isiyoyaongezea mengi, na furiko hufika delta mwezi wa Mei. Vuli nayo ilikuwa na furiko lake la Novemba. Ili mpunga ustawi, saa hizi mbili zilipaswa kugonga pamoja. Bamvua ikija mto ukiwa dhaifu, kinachoingia mferejini ni chumvi. Mto ukiwa na maji mazuri lakini mwezi hauko mahali pake, maji hupita chini ya midomo ya mifereji, yakaenda zake baharini.

Nimewahi kusimama na mzee mmoja kwenye mdomo wa mfereji wake. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Kisha akalirudishia tope tundu alilokuwa amelifungua. Hakusema neno, na mimi sikumuuliza kitu, kwa kuwa uso wake ulikuwa umeshanijibu.

Ukishavuka Garsen kuelekea baharini, ardhi hukosa mteremko kabisa. Tana hapo haupiti bondeni. Hupita juu ya tuta ulilojijengea wenyewe kwa tope la karne nyingi, na nchi ya pande zote mbili iko chini yake. Ndiyo maana vijiji vya Wapokomo, wakulima wa mto huu, vimejipanga kwenye kingo, palipo juu, na mto unapofurika maji hutokea nyuma ya nyumba, kwenye nyanda na maziwa: Shakababo, Bilisa, Kongolola, Moa. Furiko lilikuwa likiingia na samaki. Waliotagia kwenye nyasi zilizozama waliacha watoto wao katika maji ya kina kifupi yenye joto, na maji yalipopungua kambare na ngege walibaki wamenenepa ziwani. Kambare-mamba alikuwa na njia yake: ziwa likikauka hujichimbia topeni, akajifunika kwa ute wake, akapumua hewa kama sisi na kungoja. Anaweza kungoja miezi mingi. Samaki huyu aliumbwa kwa ajili ya nchi ambayo maji huondoka na kurudi.

Maji yalipojivuta kutoka kwenye nyanda, yaliacha nyasi. Waorma na Wawardei walirudi kutoka malisho ya mbali wakati wa kiangazi, kwa njia zao za kufikia mto ambazo wao huziita malka, na ng'ombe wakala nyasi mbichi huku nchi yote ya juu imekuwa vumbi. Maziwa yalibadilishwa kwa mchele na ndizi. Zaidi kuelekea baharini yako matete na mafunjo, kisha mikindu na mikoma, na mwisho kabisa mikoko. Hata mikoko ya hapa ina tabia yake. Katika sehemu nyingi za pwani yetu mti unaoonekana zaidi ni mkoko wenyewe na mchu, lakini hapa, kwa kuwa maji ya mto ni mengi, msikundazi umejaa, mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama ubao, usiopenda chumvi kali. Ukiona misikundazi imenawiri, ujue maji baridi yako karibu.

Nchi ya namna hii haina ramani ya kudumu, na mto wenyewe haujawahi kutulia. Mto Ozi, wenye jina moja na kijiji, ulikuwa mdogo na ulijitegemea, na Kau, bandari yake, ilipeleka nafaka na pembe za ndovu Lamu kwa majahazi. Tana uliingia baharini mahali pengine, upande wa kusini-magharibi. Karne ya 19, enzi za watawala wa Witu, ulichimbwa mfereji pale Belezoni ili kuiunganisha mito hiyo miwili, kusudi mitumbwi na mizigo ipite bila kuzungukia baharini kwenye mawimbi. Mfereji ulikuwa mwembamba. Maji ya furiko yaliupenda, yakaupanua mwaka hadi mwaka, hata Tana ukauhama mlango wake wa zamani na kutokea Kipini. Kwa hiyo majaruba ya Ozi yalineemeka kwa hasara ya watu wengine. Kulikuwa na mlango wa mto uliokufa ili huu upate uhai, na bila shaka kule nako kulikuwa na mzee aliyeonja maji akatema.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, kwa sababu lingeweza kuniondolea haki ya kusikitika. Kama mto huhama, na siku zote umehama, kwa nini nilie leo? Naona kuna tofauti. Mto unapohama huacha tawi moja na kwenda jingine, lakini furiko hubaki ndani ya delta. Anayepoteza yuko, na anayepata yuko, tena mara nyingi ni jamaa, na aliyepoteza anaweza kuchukua jembe na mtumbwi akayafuata maji. Walima mpunga wa Tana wamewahi kufanya hivyo. Kilichotokea miaka hii ni kwamba furiko lenyewe limepunguzwa huko juu kabla halijafika, na hakuna tawi la kulifuata.

Mabwawa matano ya mfululizo wa Seven Forks, huko juu mtoni, yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kwa pamoja yana uwezo wa takriban megawati 600, na kwa miaka mingi yalikuwa tegemeo kubwa la umeme wa Kenya. Hospitali zimewaka kwa maji haya, watoto wamesoma usiku kwa maji haya, na sitaandika neno la kuzidharau taa hizo. Masinga ndilo lililobadilisha mambo zaidi, kwa kuwa ndilo ghala. Lilijengwa ili lipokee mvua za masika na vuli, lizitunze, kisha liziachie kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mhandisi huo ni ufanisi. Kwa delta, hiyo ni saa ya tatu, isiyofuata mwezi wala mvua, bali mahitaji ya viwanda na majiko ya mijini.

Jambo lenyewe halielezeki kwa sababu moja. Ni kweli kwamba mitambo huachia maji hata kiangazi, na pengine mto wa Februari leo una maji mengi kuliko ule wa zamani. Ni kweli pia kwamba maji huchotwa kwa mambo mengine: umwagiliaji wa Hola na Bura, mabomba ya Nairobi kutoka vijito vya Murang'a, mashamba madogo yasiyohesabika kandokando ya mto. Matawi ndani ya delta yameendelea kuhamahama. Bahari inapanda. Tope ambalo lingeinua kingo na kuzishindanisha na bahari, sehemu yake kubwa imelala chini ya Masinga. Ukimuuliza mkulima ni lipi kati ya haya lililoua shamba lake, utakuwa unamtwika kazi ya mahakama. Yeye anajua kwamba chumvi ilikuja, na kwamba zamani ilikuwa ikija na kufukuzwa.

Hilo la kufukuzwa ndilo lenye uzito. Maji ya chumvi hayakuwa mageni Ozi. Kila kiangazi yalipanda mtoni, na kila Mei furiko lilishuka likayasukuma hadi baharini, likaiosha ardhi na kuiacha safi kwa msimu mpya. Mafuriko yalikuwa ndiyo ufagio wa nchi ile. Leo chumvi ikishapanda hukaa. Hupenya ardhini, ikafika kwenye mizizi ya miembe, na kingo za Tana wa chini zilisifika kwa maembe yake. Mwembe haufi kwa siku moja. Kwanza majani huungua ncha, kisha matunda hupungua na kuwa madogo, kisha tawi moja hukauka, na mwishowe mti wote husimama mkavu, umeshika nafasi yake ileile kwenye kiambo. Wenyewe huchelewa kuukata. Mwembe huwa umepandwa na babu ya mtu, na kivuli chake kimeshuhudia posa na mashauri.

Na bado mafuriko yapo. Hapo ndipo msomaji wa mbali huchanganyikiwa, maana kila baada ya muda husikia redioni kwamba Tana River imefurika na watu wamehama. Mwaka wa 1961 yalikuja. Mwaka wa 1997 na 1998, kwa El Niño, yalikuja tena, yakazivunja hata kuta za mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa ndani ya delta. Yamekuja 2018, yamekuja mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024. Bwawa lina kipimo chake. Huweza kulimeza furiko la kawaida, lile la Mei linalojaza maziwa, kunywesha nyasi na kufagia chumvi. Mvua ya kutisha inapokuja, bwawa hujaa likafurika, na maji yote hushuka kwa mpigo juu ya watu ambao kwa miaka kadhaa hawakuona maji, ambao wamesogeza vibanda na mashamba chini zaidi kuufuata mto uliopungua. Hivyo delta imenyang'anywa mafuriko yaliyolisha na kuachiwa yale yanayoua. Katika kila nililolijua kuhusu mahali hapa, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mto ni uleule na mvua ni zilezile. Kilichoondolewa ni kile cha katikati, cha wastani, kisichoandikwa magazetini kwa sababu hakiui mtu.

Msiba wa mtu, kwetu, una utaratibu wake. Kuna saa ya kufariki, kuna kuosha na kuzika, kuna matanga na hitima, kuna siku ya arubaini. Aliyefiwa hupewa muda, kisha hupewa ruhusa ya kurudi kazini. Kinamasi kikifa hakuna saa. Mwanamke mmoja hugundua kwamba mbegu yake ya mpunga, aliyorithi kwa mama mkwe, haioti tena. Hununua nyingine, nayo haioti. Mvuvi wa Shakababo huona ngege wanazidi kuwa wadogo. Mchungaji hufika malka akakuta nyasi fupi, akapita mbele. Kila mmoja hufiwa na kipande chake, siku yake, kimyakimya, na kila mmoja hudhani ni mkosi wa mwaka huu. Watu hawakai pamoja kulia, kwa sababu hawajui kwamba wamefiwa na kitu kimoja. Naamini huzuni isiyopata matanga huweza kuoza ikawa kitu kingine.

Nadhani tuliona ikioza mwaka 2012. Kuanzia Agosti mwaka ule hadi mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma waliuana. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, na vijiji vizima vikachomwa. Siasa ilikuwamo, uchaguzi ulikuwa karibu, na silaha zilikuwapo. Lakini magomvi yaliyotangulia yalikuwa yaleyale ya siku zote: ng'ombe ameingia shambani, mkulima ameziba njia ya mtoni. Magomvi hayo ni ya kale, na wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, pamoja na wenzao wa Waorma, walijua kuyakalia na kuyamaliza. Waliweza kwa sababu kulikuwa na kitu cha kugawana. Furiko likishapita, mkulima alivuna, nyasi zikaota, na mfugaji akaingia kwa zamu yake. Kalenda ya maji ndiyo iliyowatenganisha na kuwakutanisha. Sidai kwamba mabwawa yaliua watu wale; mikono iliyoua ilikuwa ya watu. Lakini kalenda ilikuwa imevunjika, na watu wawili wakajikuta mahali pamoja, siku moja, juu ya maji machache.

Mwaka huohuo wa 2012 delta ya Tana, hekta 163,600, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ilikuwa heshima kubwa, na iliwagharimu jasho wanavijiji na watetezi waliokuwa wamepinga, tangu 2008, mpango wa kupanda miwa kwenye hekta 20,000 za delta hiyo. Walishinda kwa kiasi kikubwa. Miwa ile haikupandwa. Ila orodha ya Ramsar huchora mpaka kwenye ardhi, na uhai wa delta hauko ndani ya mpaka. Unatoka Nyandarua, mamia ya kilomita kutoka kwenye mpaka huo.

Kuna deni jingine ambalo Wakenya wengi hawajui kwamba wanalo. Wimbo wa taifa, ule tulioupata mwaka 1963, sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Mama wa Tana aliyekuwa akimlaza mwanawe karibu na mto ule ndiye anayetusimamisha wima viwanjani na shuleni, mikono ubavuni. Ninaposikia tarumbeta zikianza, huwa nafikiria nyumba ya makuti kwenye tuta la mto, usiku wa Mei, maji yakisikika pande zote mbili, na mtoto asiyetaka kulala. Nchi imeichukua sauti hiyo na kuitunza vizuri. Usiku wenyewe wa maji haukutunzwa.

Kusini, upande wa Tanzania, watu wa delta ya Rufiji wanaanza kuyaishi haya. Wao pia hulima mpunga karibu na mikoko, kwa maji ya mto yanayosukumwa na bahari, na mto wao pia una historia ya kuhama matawi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na masika ya mwaka huohuo Rufiji ilifurika vibaya. Natamani wazee wa Ozi na wazee wa Rufiji wakutane chini ya mti mmoja mapema, maana Kiswahili kinatosha na mada iko tayari. Watu wa Tana wana zaidi ya miaka 40 ya ushahidi wa jinsi mambo huenda baada ya ghala kubwa kufungwa huko juu.

Kitaalamu, furiko dogo linaweza kurudishwa. Bwawa lina milango, na milango hufunguliwa. Maji yanaweza kuachiwa kwa siku chache za Aprili au Mei, kwa hesabu, yapangwe yafike Kipini wakati wa bamvua, kama yalivyokuwa yakifika yenyewe. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua akiba ya mto, yaani kiasi ambacho lazima kibaki kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa viumbe vinavyoutegemea mto huo, kabla ya mtu yeyote kupewa kibali cha kuchota. Gharama yake ni umeme ambao hautazalishwa kwa siku hizo, na gharama hiyo ni halisi. Lazima mtu akae chini aipime dhidi ya mpunga, samaki, nyasi, maembe, na amani ya vijiji. Kwa miongo yote hiyo, upande wa pili wa mizani uliachwa mtupu, kwa kuwa vitu vya delta havikuwa na risiti.

Mabwawa ya juu yanapokaribia kujaa, matangazo hutolewa. Wakazi wa Garissa na Tana River huambiwa wahamie sehemu zilizoinuka, na ni vizuri waambiwe, maisha ya watu huokolewa hivyo. Sijawahi kusikia tangazo la aina nyingine: kwamba Jumatano maji yatashuka ya kiasi, yatafika delta bamvua ijayo, andaeni mifereji, pandeni.

Mzee yule wa mdomo wa mfereji bado anahifadhi mbegu. Si nyingi, kibuyu kimoja, na kila mwaka huipanda kidogo juu zaidi ya mto, kwenye kiploti cha kuazima ambako chumvi haijafika, ili isife. Anasema ikifa hiyo hakuna duka analolijua lenye nyingine.